Mtoto amebanwa na kifua? Weka chupa chini, mfungue shati uhesabu pumzi

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi ya kutoka asubuhi ukipumua mvuke kama sufuria, na kijana wangu wa miezi saba alikuwa na mafua siku ya nne. Tunakaa Pipeline, orofa ya tano, dirisha linatazama ukuta wa ploti ingine kwa hivyo jua tunaliona tukishuka dukani. Juu ya friji nilikuwa nimepanga chupa tatu, moja ya kikohozi, moja ya kukausha kamasi, na antibayotiki iliyobaki wakati dadake alikuwa mgonjwa. Usiku huo kikohozi kikapungua. Nikashukuru Mungu, nikasema dawa imeshika, nikalala.

Asubuhi jirani yangu Mama Brayo akaja kuomba kiberiti, akamwangalia mtoto mara moja tu akaniambia, "Wewe, huyu mtoto hapumui vizuri, mpeleke." Nikaenda nikiwa nanung'unika, manake kwangu mtoto alikuwa amepata nafuu, si ameacha kukohoa? Daktari pale kliniki hakushika hata stetoskopu. Alimfungulia nguo zote za juu, akatoa simu, akaweka saa, akatazama lile tumbo na kifua dakika nzima bila kusema neno. Alafu akanigeuzia ile simu. "Mama, hebu na wewe hesabu." Nikahesabu nikapata 62. Akaniuliza kama najua kwa umri wake zikifika 50 ni nyingi, nikasema daktari sijui, akasema sasa umejua.

Kikohozi kilikuwa kimepungua juu mtoto alikuwa amechoka. Hana nguvu ya kukohoa. Alilazwa usiku mbili na oksijeni, na ile picha ya chupa zangu tatu juu ya friji bado inanisumbua. Kwa hivyo hii ndio njia ninayofuata sai na wale wangu watatu, na ndio naambia kila mzazi kwa ploti akinigongea mlango saa nne usiku.

Kwanza toa hii maneno ya baridi kichwani

Shosho yake akipiga simu kutoka Murang'a swali la kwanza ni "umemvalisha?" na la pili ni "mbona ulimwachilia akae kwa sakafu?" Simlaumu, sote tumelelewa hivyo. Lakini kinachoshika mtoto kifua mara nyingi ni virusi, na virusi vinatoka kwa mtu, havitoki kwa sakafu. Viko vingi: virusi vya mafua ya kawaida, influenza, vile vya kumfanya mtoto akohoe kama mbwa anabweka, adenovirusi, na huyu mkubwa wao anayeitwa RSV ambaye ndiye anajaza wodi za watoto wachanga. Karibu kila mtoto hupata RSV kabla ya kufika miaka miwili. Wengi inapita kama mafua tu. Wachache, hasa wa chini ya miezi sita, waliozaliwa kabla ya wakati, na wenye shida ya moyo, inashuka mpaka kwa vile vinjia vidogo vya hewa ndani ya mapafu, vinavimba, vinajaa ute, mtoto anaanza kupigania hewa. Hiyo ndio madaktari wanaita brokiolaitisi.

Sasa kama ni baridi, Pwani wangekuwa salama. Lakini Kilifi, pale watafiti wa KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust wamefuatilia RSV kwa miaka zaidi ya ishirini, ugonjwa kwa kawaida unaanza kuelekea mwisho wa mwaka na unaendelea mpaka ile miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata, wakati jua la Pwani linachoma mpaka mbuzi wanatafuta kivuli. Huku kwetu juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, Juni mpaka Agosti tunafunga madirisha, tunalala watu watano chumba kimoja, watoto wanajazana darasani, matatu inafungwa vioo vyote juu kuna mtu nyuma amesema anasikia upepo. Virusi vinafurahia hapo. Mvua ya masika inafanya vile vile, inatufungia ndani. Kwa hivyo mvalishe mtoto ndio, lakini usifikiri marvini na soksi tatu ni dawa, na usimfunge mashuka mpaka ukashindwa kuona kifua chake, manake kifua ndio unataka kuona.

Hatua ya 1: hesabu pumzi

Hii ndio hatua ya maana kuliko zote hapa, ukichoka kusoma soma hii tu.

Subiri mtoto atulie. Akilia, au ametoka kunyonya sai hivi, au anacheza, hesabu itakudanganya. Ukimpata amelala ndio poa zaidi. Mfungue mpaka uone kuanzia titi mpaka kitovu, usihesabu juu ya sweta, na washa taa, kama stima imepotea tumia tochi ya simu ya pili ama mwambie mtu akushikie. Weka taima ya dakika moja. Kila tumbo ama kifua kinapopanda ni moja. Kikishuka usihesabu. Endelea mpaka dakika iishe kabisa, usifanye ile ya kuhesabu sekunde kumi na tano uzidishe kwa nne, manake watoto wadogo hupumua haraka haraka alafu wanapumzika kidogo alafu wanaanza tena, ukikata njiani utapata nambari ya uongo.

Nambari za kushika ni hizi, ni zile WHO wanatumia na ndio nesi wa zahanati anatumia pia:

- chini ya miezi 2: 60 au zaidi kwa dakika ni haraka
- miezi 2 mpaka 11: 50 au zaidi
- mwaka 1 mpaka kabla afike miaka 5: 40 au zaidi

Ukipata nyingi, ngoja dakika chache uhesabu tena, kama ana homa kali mpunguzie kwanza uone kama zitashuka, lakini kama ni wa chini ya miezi miwili ukapata 60 mara mbili usingoje kitu. Mimi nimeandika hizo nambari kwa kalamu ya maka nyuma ya mlango wa jikoni. Wageni wanafikiri ni nambari za simu.

Fanya hii zoezi siku mtoto akiwa mzima. Nasema kwa uzito. Ukimjua akiwa mzima anapumua 34 akilala, siku atafika 48 utajua kuna kitu hata kabla kitabu kiseme.

Hatua ya 2: angalia, usisikilize

Kikohozi kinapiga kelele ndio maana tunakimbizana nacho. Lakini mtoto anaweza kukohoa wiki mbili akiwa anacheza na kula na hana shida, na mwingine anyamaze kabisa akiwa pabaya. Ukishamaliza kuhesabu, kaa hapo hapo na macho yako kwa kifua.

Angalia chini ya mbavu. Kwa kawaida mtoto akivuta pumzi, kifua na tumbo vinapanda pamoja. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani wakati anavuta, kama mtu anavuta plastiki kwa mdomo wa chupa, hiyo ni kazi ngumu anafanya, mpeleke. Angalia pua kama zinapanuka kila pumzi. Skia kama anaguna kila anapotoa hewa, sauti fupi fupi, "mh, mh, mh", watu hufikiri analalamika kumbe anajaribu kushikilia mapafu yasifungike. Skia kama kuna sauti ya kukwaruza akivuta pumzi akiwa ametulia.

Rangi pia. Kwa ngozi yetu midomo si rahisi kusoma, kwa hivyo mfungue mdomo uangalie ulimi na ufizi, na kucha. Ikiwa bluu ama kijivu usitafute maoni ya mtu.

Unatoka nyumbani saa hiyo hiyo, iwe usiku, iwe mvua, ukiona mojawapo ya hizi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea ama haamki vizuri, anaacha kupumua sekunde kadhaa alafu anaanza tena, kifua kinaingia ndani, anaguna, ama ulimi umebadilika rangi. Na yule wa chini ya miezi miwili ana sheria yake: homa ya nyuzi 37.5 au zaidi, ama mwili kuwa baridi isivyo kawaida, ama kukataa titi, inatosha. Huyo haongojewi asubuhi.

Kitu kingine ambacho watu wa Nairobi tunasahau. Hapa mjini malaria ni kidogo, lakini kama mmetoka ushago wakati wa likizo, Kisumu, Busia, Kakamega, ama Pwani, na mtoto ana homa, sema hivyo mlangoni kabisa mwa hospitali apimwe damu. Mtoto anaweza kuwa na mafua na malaria kwa wakati mmoja, moja haifukuzi ingine.

Hatua ya 3: fungua pua

Kama pumzi ziko sawa na hakuna ile hatari ya juu, mko nyumbani, na kazi kubwa sasa ni pua. Mtoto mchanga hupumulia pua, hajui kutumia mdomo vizuri, kwa hivyo kamasi kidogo tu inamnyima usingizi na titi.

Nunua maji ya chumvi ya pua kwa duka la dawa, ni bei ya kawaida. Kama hakuna pesa, chemsha maji, pima mililita 250, weka chumvi ya kawaida chini kidogo ya nusu kijiko cha chai, koroga, acha ipoe kabisa, na utengeneze mpya kila siku. Mlaze chali kichwa kimeinuka kidogo, weka matone mawili matatu kila tundu, ngoja kama dakika moja kamasi ilainike, alafu ufyonze na kile kipira. Kibonyeze kwanza kikiwa nje, ndio ukiingize mdomoni mwa pua tu, alafu uachilie polepole. Ukikibonyeza kikiwa ndani unampulizia hewa puani, utajua kwa vile atakuangalia.

Fanya kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, si kila dakika kumi, pua inachubuka. Osha kile kipira na maji moto na sabuni alafu ukikaushe, ndani huwa kunaota uchafu. Shosho alikuwa anafyonza na mdomo wake na kutema nje ya mlango, ilifanya kazi, sikatai, lakini kesho yake alikuwa na mafua yeye pia na ndiye alikuwa anapikia kila mtu.

Hatua ya 4: chakula kidogo, mara nyingi

Mtoto aliyebanwa pua ananyonya mara tatu anaachilia apumue. Usimlazimishe. Mpe kidogo kidogo lakini mara nyingi, hata kila saa. Wa chini ya miezi sita ni titi peke yake, hakuna maji ya glukosi. Wa zaidi ya miezi sita anaweza kupata maji, uji mwepesi, supu. Mwenye zaidi ya mwaka mmoja unaweza kumpa kijiko kidogo cha asali akikohoa usiku, inatuliza koo, lakini chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku kabisa, kuna bakteria inaweza kukua kwa utumbo wake itoe sumu.

Kipimo cha kama anapata maji ya kutosha ni pampasi. Kama siku ya kawaida anakojoa pampasi sita na leo ni mbili ama tatu, usiendelee kubahatisha.

Hatua ya 5: homa na ile sirapu

Homa yenyewe si adui, ni mwili unapigana, unampa dawa ili astarehe aweze kunyonya. Paracetamol inapimwa kwa kilo, si kwa umri na si kwa ukubwa wa huruma yako. Ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, ukingoja angalau saa sita kabla ya kurudia na usizidishe mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 8 kwa ile sirapu iliyoandikwa 120 kwa mililita 5, kiwango cha juu ni mililita 5 kwa mara moja. Soma chupa! Kuna za 120, kuna za 250, na kuna matone ya wachanga ambayo ni makali zaidi ya hizo zote, na zote kwa rafu zinafanana, picha ya mtoto anacheka. Tumia sindano ya plastiki ile ya kupimia, kijiko cha jikoni kila nyumba ni saizi yake. Wa chini ya miezi miwili usimpe kitu kabla aonwe.

Aspirini mtoto hapewi. Kumwogesha maji baridi pia acha, anatetemeka na homa inabaki pale pale. Punguza nguo, mpe titi, basi.

Hatua ya 6: vitu vya kutompa, na mazungumzo ya kemisti

Hapa ndipo pesa za watu wa Nairobi zinaishia. Unaingia kemisti unasema mtoto ana kifua, kabla umalize sentensi kuna chupa tatu kaunta. Siku hizi naongea hivi: "Boss, nataka maji ya chumvi ya pua na paracetamol ya mtoto wa kilo tisa. Sitaki ya kifua." Ananiangalia kama nimemtukana. "Mathe, hii ya kifua inaenda sana." Najua inaenda sana.

Sirapu za kikohozi kwa watoto wadogo hazina faida inayoonekana na zingine zina madhara, zenye kodeini hazifai kabisa mtoto wa chini ya miaka 12. Piritoni ya kumlaza usiku, wacha, unamlevya mtoto ambaye anahitaji nguvu ya kupumua, na ukija kumhesabu hutajua amelala ama amelegea. Antibayotiki haziui virusi. Kama ni nimonia ya bakteria daktari atampa, mara nyingi ni amoksilini, na hapo unamaliza dozi yote, si ile ya "nipe ya mia" na si ile ya dadake iliyobaki tangu Pasaka. Nilikuwa nayo juu ya friji, nakumbuka.

Kufunikwa na mvuke wa maji moto, nimeona mtoto wa jirani ameungua paja kwa beseni, sitaki hata kuizungumzia. Zile mafuta za kafuri za kupaka kifua usipakie wa chini ya miaka miwili, na hata mkubwa usimpakie ndani ya pua.

Na kuna kukata kilimi. Bado inafanywa, hata hapa mjini, mtu anaambiwa mtoto anakohoa juu kilimi ni kirefu, anapelekwa kwa mzee mmoja ana wembe. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, na virusi viko pale pale kwa mapafu havijui kitu kimekatwa.

Hatua ya 7: nyumba

Fungua dirisha hata kama ni dakika chache asubuhi na jioni wakati mnapika. Moshi wa makaa, kuni na mafuta ya taa unaingia kwa mapafu ya mtoto, WHO wanasema moshi wa ndani unakaribia kuongeza maradufu hatari ya nimonia kwa watoto. Kama unatumia jiko la makaa, lipikie korido ama balkoni, na mtoto asifungwe mgongoni ukipika. Na tafadhali, ile ya kuingiza jiko ndani Julai mlale na joto, mlango umefungwa na nguo imewekwa chini ya mlango, watu wanaamka wamekufa. Ile gesi ya sumu inayotoka kwa makaa haina harufu. Wavuta sigara wavutie nje kabisa, si dirishani.

Hatua ya 8: mkienda

Weka mfuko tayari jioni ukianza kuwa na wasiwasi, usingoje saa nane usiku uanze kutafuta kitabu cha kliniki chini ya godoro. Kitabu, kitambulisho chako, simu yenye chaji, leso mbili, pampasi, pesa ya boda ama teksi. Kama umejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, huduma za msingi kwa zahanati na vituo vya afya vya leveli 2 na 3 hazipaswi kukulipisha, lakini beba kitu, unajua mambo. Kama hujui kama ni ya kupeleka ama la, CHP, yule mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, anaweza kukuhesabia na wewe, wengi wako na vifaa siku hizi.

Mbebe wima mbele yako, kifua chake kikiwa huru, usimfunike uso na shuka. Mgongoni akiwa amefungwa kwa nguvu, kifua kinabanwa na huwezi kumwona.

Mlangoni usianze na hadithi ya tangu Jumatatu. Anza na nambari. "Ana miezi saba, nimehesabu mara mbili, anapumua 62, kifua kinaingia ndani, hajanyonya tangu jioni." Utaona watu wanainuka kwa viti. Niliwahi kukaa kwa benchi masaa kwa sababu nilisema "ana homa", na kwa Kiswahili chetu homa ni kila kitu. Omba wampime oksijeni na kile kibano cha kidole, ikiwa chini ya 90 anahitaji oksijeni, na kama kituo hakina, waulize hapo hapo watampeleka wapi na kwa gari gani.

Alafu usikatae oksijeni. Kuna hii imani kwamba ukiona mtoto amewekwa mipira puani basi ameisha, mama mmoja kitanda cha pili alikuwa anamtolea wake hiyo mipira nesi akigeuka, na mimi pia niliogopa. Wanaokufa na oksijeni mara nyingi ni wale wamefikishwa wamechelewa. Kwa brokiolaitisi kazi ya hospitali ni hiyo: oksijeni, na kumlisha kwa mpira wa puani kama hawezi kunyonya, mpaka virusi viishe vyenyewe. Usishangae kama hawampi antibayotiki ama nebulaiza, ile mashine ya kuvuta dawa kama mvuke, si kwamba wamekupuuza.

Hatua ya 9: asishikwe tena, ama yule mwingine asishikwe

Ule utafiti wa Kilifi ulifuata familia nyumbani wakichukua vipimo vya pua, na mara nyingi mtoto mchanga alipata RSV kutoka kwa ndugu yake mkubwa anayeenda shule. Kwangu ni dada yake wa PP2. Anaingia, anatupa bagi, anakimbia kumbusu mtoto mdomoni. Sasa sheria ni mikono na sabuni kwanza, uniformu itoke, na akiwa na kamasi abusu miguu. RSV inaweza kukaa kwa kitu kigumu kama meza masaa mengi, kwa hivyo vile vidude vya kea, pale watoto wanaachwa mchana, vinavyopita mdomo hadi mdomo vioshwe. Ukipeleka mtoto kea, angalia wako wangapi chumba kimoja na dirisha liko wapi kabla uulize bei. Wageni wa kumwona mchanga wakiwa na mafua, waambie kwa adabu warudi wiki ijayo, watakasirika na watasahau.

Chanjo usikose. Ile ya nimokoko iliingia Kenya 2011, inapewa wiki ya 6, 10 na 14 pamoja na ile ya tano kwa moja, surua miezi 9 na 18. Hazizuii RSV lakini ile ya nimokoko na ile ya tano kwa moja zinazuia bakteria wale hatari wanaopandia juu ya virusi mtoto akiwa dhaifu. Kuna chanjo ya RSV ambayo mama anadungwa akiwa mjamzito ili mtoto azaliwe na kinga, na WHO wameikubali, kwa hivyo kama una mimba uliza kliniki kama inapatikana.

Siku zinazofuata

RSV huwa mbaya zaidi siku ya tatu mpaka ya tano, kwa hivyo kama umeonwa siku ya pili ukarudishwa nyumbani, hiyo si kibali cha kulala. Hesabu asubuhi na usiku, andika kwa simu. Rudi baada ya siku mbili hata kama unaona ni sawa, na rudi saa hiyo hiyo ukiona ile hatari ya hatua ya pili. Kikohozi chenyewe kinaweza kuvuta wiki mbili tatu, cha wangu kiliisha siku ya kumi na tisa, na hicho hakihitaji chupa. Lakini kikipita wiki mbili na mtoto anapungua kilo ama kuna mtu nyumbani anakohoa pia, omba apimwe TB, na kama kila akipata mafua kifua kinapiga filimbi, uliza kuhusu pumu, mwambie daktari ni mara ngapi na miezi gani, ile daftari ya simu itakusaidia hapo.